Uwanja wa Kuanikia Maharage

Kwa muda mrefu watu wa Kibondo walidhani ile sakafu pana nyuma ya nyumba ya Maximilla ni ya kuanikia maharage. Na kwa nini wasidhani hivyo? Ilikuwa ya udongo wa kichuguu, umetwangwa, ukamwagiwa maji, ukapigwa kwa magogo mpaka ukakauka kama chungu, haioti hata unyasi. Kila mavuno majirani walikuja na makarai yao, wakamwaga maharage, wakakaa pembeni kufukuza kuku. Maximilla aliwaangalia tu. Mjane wa watu angesema nini? Angewaambia kwamba pale ni uwanja wa tenisi, wangemuuliza tenisi ni kitu gani, na akishamaliza kuwaeleza wangeanika maharage vilevile.

Kumbe huyo mjane ndiye aliyekuwa bingwa wa tenisi wa wanawake wa Jimbo la Magharibi, tena si mara moja. Alijifunza kwa masista wa Kabanga, akiwa msichana wa kufua mashuka. Masista walicheza jioni, majoho wameyakaza kiunoni, na yeye akiwaokotea mipira, mpaka siku moja mmoja wao akaugua na Maximilla akaitwa kuziba pengo. Hakutoka tena uwanjani. Miaka ya hamsini ilipoanza alikuwa amewachapa wake wa wazungu wa bomani Kasulu mmoja baada ya mwingine, na baadhi yao walinuna wakaacha kabisa kuja klabuni. Kigoma walimjua, Tabora walimjua. Bwana Khatibu, mwenye duka la vitambaa pale Kasulu, mtu wa asili ya Pangani aliyependa tenisi kuliko biashara yake, alikuwa akifunga duka kila Maximilla alipocheza, na wenye shida ya khanga wakatafute kwingine.

Mwaka 1954 Maximilla aliolewa na Tharsisi, karani mpole wa Kibondo ambaye kwao ni Kasanda. Bibi harusi mpya alitakiwa akae ndani, asionwe na watu, mpaka wakwe watakaposema sasa atoke. Maximilla alijitahidi kukaa. Lakini Kasulu kulikuwa na shindano la kutafuta atakayekwenda Tabora, na siku ilipofika alichukua raketi yake, akaifunga ndani ya khanga kama mtoto mchanga, akapanda lori la chumvi. Tharsisi alimwona, akageuka upande wa pili. Ndivyo alivyompenda mkewe, kwa kugeuka upande wa pili.

Mama mkwe hakugeuka. Alitoka Kasanda, akatembea, akapata lori, akafika Kasulu kumchukua mke wa mwanawe. Alipofika mchezo ulikuwa ukingoni, na mama wa watu akasimama nyuma ya mstari wa mwisho, shuka lake limefungwa begani, akimtazama mkamwana wake akikimbia na sketi fupi mbele ya wanaume. Maximilla hakumwona. Aliinua raketi akapiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukatoka nje, ukamgonga mama mkwe kifuani.

Huko Uha, nchi ya Waha wa Kasulu na Kibondo, mkamwana hampi mama mkwe kitu kwa mkono mmoja, hamwiti kwa jina, wala hamkodolei macho. Kumrushia kitu, hata punje ya mahindi, ni sawa na kumlaani. Pale pale Maximilla angeangusha raketi, akaenda kupiga magoti, akaomba radhi, pengine mambo yangeisha. Lakini ilikuwa imebaki pointi moja tu. Alimtazama yule mama, akamtambua, kisha mdomo wake ukasema maneno ambayo hakuweza kuyarudisha mpaka leo.

"Nirushieni mpira!"

Alishinda. Akaenda Tabora, akashinda na huko. Aliporudi na kikombe chake, hapana mtu nyumbani kwa wakwe aliyemwambia hongera. Mama mkwe, aliyehamia Kibondo kuishi na mwanawe, hakumsemesha tena. Akitaka kitu aliyageukia mafiga jikoni, akayaambia mafiga: "Chumvi imezidi." "Kesho kuna wageni." Maximilla, aliyesimama pale pale na mwiko mkononi, alisikia na kutenda. Mwaka baada ya mwaka alikwenda kucheza na kurudi na vikombe, na kila akirudi alisimama kidogo mlangoni, kama mtu anayepangusa miguu, akisubiri neno moja. Neno halikuja. Mwaka ule alioitwa Dar es Salaam kwa shindano kubwa kuliko yote, mama mkwe alikuwa kitandani. Aligeukia upande wa jikoni, akayaambia mafiga kwamba anasikia kiu. Maximilla akamletea maji kwa mikono miwili, akapiga magoti. Mama akanywa, akamrudishia kata bila kumtazama, na kabla jua halijazama alikuwa amefariki. Maximilla aliweka raketi juu ya dari. Hakwenda Dar es Salaam, wala hakucheza shindano tena. Wenye kuandika habari za michezo wakamsahau upesi kuliko wanavyosahau mvua ya juzi, na aibu ni yao.

Tharsisi naye akafa. Maximilla akabaki na mwanawe Sylvesta, fundi seremala, na ile sakafu aliyokuwa ameitengeneza enzi zake ili apate pa kufanyia mazoezi.

Mwaka 1972 watu walivuka kutoka Burundi kwa makundi, wengine na magodoro, wengine mikono mitupu. Mmoja wao alikuwa Niyonsaba, msichana wa miaka kumi na minne. Mama yake alikufia njiani, ng'ambo ya mto Malagarasi, na hawakupata hata nafasi ya kumzika vizuri. Maximilla alimkuta uani akiwasaidia majirani kugeuza maharage, ambayo si ya kwake wala si ya Maximilla. Alimwita ndani akampa ugali. Msichana hakuondoka tena, na hakuna aliyemwambia aondoke.

Ni Niyonsaba aliyeiona raketi juu ya dari. Nyuzi zilikuwa zimekatika. Maximilla alizifunga upya kwa kano za ng'ombe, na sauti ya mpira ikawa nzito kidogo, lakini ulikwenda, na Sylvesta akachonga raketi ya pili kwa mfano wake. Maharage yalipoanuliwa walitandaza wavu wa kamba za katani, wakachora mistari kwa majivu. Hapo Maximilla alipata mshtuko wa furaha ambao hakuwa ameuonja kwa miaka. Msichana alikuwa na mkono! Alipiga mpira chini, karibu na wavu, kwa hasira ya kimya, kama mtu anayemjibu mtu asiyeonekana. Alipofikisha miaka kumi na minane mwalimu wake alikuwa hampati tena hata kwa hila.

Wakipumzika, Maximilla alimsimulia visa vya zamani, akimwita mwana wanje, yaani mwanangu kwa Kiha. Kile cha mpira kumgonga mama mkwe alikisimulia kama kichekesho, akiigiza yule mama alivyoshika kifua.

"Sasa yeye akasemaje?" Niyonsaba aliuliza.

"Hakusema! Ndiyo nakwambia, mwana wanje, hakusema mpaka anakufa. Nilikuwa mkamwana wa mafiga." Maximilla akacheka mpaka akajifuta machozi.

Msichana hakucheka. Aliinama akafuta mstari wa majivu kwa kidole, akauchora tena.

Mapema mwaka 1977 yakaja mambo mawili kwa pamoja. La kwanza lilikuwa habari njema: siku ya Sabasaba kungekuwa na mashindano ya tenisi Kasulu, na mwanamke atakayeshinda angekwenda Dar es Salaam kwenye kambi ya kuchagua timu ya taifa. Kila wilaya ilete wanawake wawili. Kibondo nzima wanawake waliojua kushika raketi walikuwa hao hao wawili. La pili lilikuwa kwamba wakimbizi waliosalia katika vijiji vya karibu na mpaka watahamishiwa makazi mapya, mbali, kule Mpanda.

Maximilla hakulala vizuri tangu asikie hilo la pili. Hakuwa tayari kumpoteza yule msichana, hata kidogo. Sylvesta alikuwa amempenda Niyonsaba muda mrefu, akimchongea vigoda visivyohitajika, na Niyonsaba alivipokea akitabasamu. Basi mama akaharakisha mambo. Pombe ya ndizi ikapelekwa kwa Mzee Ndihokubwayo, mkimbizi mwenzao aliyekuwa akisimama mahali pa baba wa msichana. Pombe ikapokelewa, harusi ikapangwa baada ya Sabasaba, na balozi wa nyumba kumi akasema huyu sasa ni wa nyumba hii, haendi Mpanda. Maximilla alirudi nyumbani akiimba.

Hakufikiria mila hata mara moja. Mila zile alizivunja mwenyewe kwa mpira, alidhani hazikubaki kwake hata kipande. "Mimi si mabukwe wako," alimwambia Niyonsaba, akitumia lile neno la kwao la mama mkwe. "Mimi ni mwalimu wako tu, sawa?"

"Ego, mama," Niyonsaba akaitikia, macho chini.

Tangu pombe ile ipokelewe hawakucheza tena wakiangaliana. Maharage yalikuwa yamevunwa, uwanja umejaa tele, na Niyonsaba alifanya mazoezi kwa kupiga mpira ukutani nyuma ya kanisa. Maximilla alikwenda kumsikiliza kwa mbali. Ukuta ule ulipigwa kama ngoma. Alirudi ameridhika, akawasaidia majirani kufukuza kuku.

Nani alimtuma naye aandikishe jina lake? Goti lilikuwa bovu, miaka arobaini na mitatu imempita, angeweza kutafuta udhuru. Ukweli ni kwamba alikuwa na tamaa yake. Alitaka kusimama pale pale Kasulu alipotukuka, mbele ya watu waliomsahau, ashindwe na mtoto aliyemtengeneza kwa mikono yake. Aliona hakuna kuagana na mchezo kuzuri kuliko huko. Basi hiyo tamaa, na tuiite kwa jina lake, ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Kasulu ilijaa watu siku hiyo. Bwana Khatibu, mvi tupu sasa, alikuwa mwamuzi, ameketi kwenye kiti kilichowekwa juu ya meza. Alipomwona Maximilla alishuka, akamshika mikono yote miwili. Michezo ya asubuhi ilikwenda vizuri mno. Niyonsaba alimtoa mwalimu mmoja wa chuo, Bi Siti, kijana mwenye maungo, kwa muda mfupi kiasi kwamba waliochelewa kufika waliuliza mchezo unaanza lini. Maximilla aliwatoa wake kwa ujanja, akiwatuma huku na huku wakati yeye amesimama. Jioni wakabaki wawili.

Mpira wa kwanza Maximilla aliurusha vizuri, akajiandaa kupokea ule wa chini, wa hasira, anaoujua. Ukarudi mpira laini, wa juu, ukatua mbele ya miguu yake taratibu, kama unaompa mtoto. Aliushangaa, ukadunda mara mbili.

"Cheza!" alimwambia kwa sauti ya chini.

Zamu ya Niyonsaba ilipofika, mipira yake ya kuanzia yote iliishia kwenye wavu. Na kila mpira uliobaki upande wake hakuurusha kama wachezaji wanavyorushiana. Aliuokota, akatembea mpaka kwenye wavu, akapiga magoti, akaushika kwa mikono miwili, akamsubiri Maximilla aje kuupokea. Mara ya kwanza watu walipiga makofi. Wazee wa Kiha waliokuwapo wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakisema huyu binti amelelewa. Mara ya tatu vijana wakaanza kucheka.

Maximilla akaelewa. Akaanza naye kupiga nje makusudi, mbali kabisa, kuelekea kwenye baiskeli za watu, ili pointi ziende kwa msichana. Niyonsaba akapiga mbali zaidi. Ikawa vituko: wachezaji bora kuliko wote waliowahi kuukanyaga uwanja ule, kila mmoja akipigania kushindwa, na Kasulu nzima ikishika mbavu. Bwana Khatibu hakucheka. Alisimama juu ya meza yake, uso umemwiva.

"Jamani, nini hiki? Maximilla! Mimi nimefunga duka kwa hili?"

Maximilla alikwenda kwenye wavu. "Niyonsaba, mwana wanje, nakuomba. Nakuamrisha. Nipige. Leo mimi si mama wa mtu."

Msichana alikuwa analia bila sauti. "Siwezi, mama."

"Basi mimi nitajitoa. Nitasema goti." Akageuka kumtazama mwamuzi, akainua mkono, akafungua mdomo. Lakini watu walikuwa wameshaguna. Alipotazama nyuma, Niyonsaba alikuwa ameilaza raketi chini, juu ya ule udongo mwekundu, amepiga magoti na kumgeuzia uso pembeni, jinsi mkamwana anavyopaswa. Mchezaji akiilaza raketi chini amejitoa, na Bwana Khatibu hakuwa na la kufanya. Alitangaza mshindi kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Maximilla alimkimbilia bwana michezo wa mkoa. Akamwambia yeye ni mzee, mwende na huyu binti, mmemwona asubuhi alivyocheza. Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alisema kwamba anayekwenda ni mshindi, na kama mshindi hawezi basi nafasi itakwenda mkoa mwingine. Asingeweza kupeleka Dar es Salaam mtu aliyekaa fainali nzima bila kupata hata gemu moja. Mambo yakaishia hapo. Akampa Maximilla kikombe, akampa mkono, akaenda zake.

Wale wanawake wawili wakakaa nyuma ya klabu ya zamani, kwenye ngazi. Maximilla alikuwa na hasira ya kutosha kuvunja kikombe kwa meno.

"Kwa nini? Niambie kwa nini. Miaka mitano! Ulikuwa unakwenda Dar es Salaam, ungevaa jezi ya taifa, wewe, mtoto uliyevuka mto huna hata kiatu!"

"Mama, ulinisimulia mwenyewe."

"Nilikusimulia nini?"

"Habari za mafiga." Niyonsaba aliifinya ncha ya khanga yake. "Mimi mama yangu nilimwacha ng'ambo. Sikumpata wa kuniita mwanangu mpaka nilipofika kwako. Nikikurushia mpira mbele ya watu, nikakushinda, nikirudi nyumbani nani ataniita hivyo?"

"Mimi! Mimi ningekuita! Ningekuita kwa kupiga kelele njia nzima!"

"Ndivyo unavyosema, mama. Na wewe siku ile ulidhani atakuja kusema."

Maximilla alilitafuta jibu ndani ya basi, wakati limejaa watu wa Sabasaba wanaoimba, kikombe kikigongana na dirisha, na hakulipata. Kila akitaka kumgeukia yule msichana, aligeukia dirisha. Basi likapita mashamba, likapita madaraja, na kutoka Kasulu mpaka Kibondo hakumsemesha neno.

Sylvesta aliwapokea stendi, akawatazama nyuso, akakichukua kikombe. Walipofika nyumbani Niyonsaba aliwatangulia. Akaingia, akatandika mkeka, akawasha moto, kisha akatoka hadi mlangoni, pale pale Maximilla alipozoea kusimama akipangusa miguu. Akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima kwa viganja vilivyokunjwa kidogo, akainamisha kichwa.

"Hongera, mama."

Lilikuwa lile neno. Alilisubiri katika mlango huo tangu akiwa mke mpya, akirudi na vikombe vya haki alivyovitolea jasho, na halikuja. Sasa limekuja kwa kikombe ambacho angelipa chochote asikipate. Maximilla alimpita msichana bila kumtazama, akaingia jikoni, akakaa. Mafiga yalikuwa mbele yake, matatu, meusi, moto ukilamba katikati. Aliyatazama, na akajikuta amefungua mdomo kuyaambia kwamba leo hali chakula, anayepika asihangaike.

Aliufunga mdomo kwa mkono. Alikaa hivyo mpaka moto ukahitaji kuni nyingine. Kisha akainuka, goti likalia, akarudi mlangoni. Niyonsaba alikuwa bado amepiga magoti, hajathubutu kusogea.

"Asante, mwanangu," Maximilla akasema. Sauti ilimtoka imekwaruza. "Inuka. Asante, mwanangu."

Akamwinua kwa mikono miwili. Walilia pamoja pale mlangoni mpaka Sylvesta akaja kuuliza kama kuna mtu amekufa, na mama yake akamwambia hapana, akachochee moto.

Raketi ilirudi juu ya dari. Harusi ilifanyika, watoto wakaja, na Niyonsaba hakuishika tena. Alfajiri nyingine, kabla majirani hawajaamka, Maximilla alisikia sauti nyuma ya kanisa, akainuka kitandani na kutega sikio. Kumbe ni mtu anatwanga. Mavuno yalipofika Niyonsaba alibeba makarai ya kwanza mwenyewe, akamwaga maharage juu ya uwanja, akayatandaza kwa mkono mpaka mistari yote ikafunikwa, na Maximilla akakaa pembeni kufukuza kuku.